Alhamisi ya Fedha

Alhamisi ya mwisho ya mfungo, baada ya alasiri,
Bwana Shekue huitisha kanzu yake ya hariri,
ile yenye tundu la mende chini ya kwapa,
nami huitwa kubeba siniya.

Kazi yangu huanza jana yake, jikoni:
ukwaju, majivu, kipande cha shuka kuukuu.
Nasugua mpaka jina la babu wa babu yake litokeze tena,
jina la mtu aliyetawala kisiwa kizima
na minazi yake, na madeni yake.

Sarafu huwa nyingi kama miaka ya mwenye kutoa.
Ndiyo kanuni; aijuaye ilikoanzia hayupo.
Mwaka niliposhika siniya mara ya kwanza
zilikuwa sabini na moja.
Fedha tupu, lakini si pesa:
ukimpelekea Jivanji pale Langoni akupimie sukari
atakuuliza tu kama baba yako hajambo.

Wapokeaji hukaa madakani, magoti kwa magoti, mpaka uchochoroni.
Bi Mwanatumu wa mkate wa mofa.
Kombo, mchimba visima, aliyeingiwa na chokaa machoni.
Athmani aliyevunjwa nyonga na punda wake mwenyewe.
Bwana Shekue huinama mbele ya kila mmoja,
mgongo ukilia kama bawaba:
"Pokea. Ni haki yako."
"Mola akuzidishie," hujibu,
na hakuna hata mmoja anayecheka,
ingawa mlango wa sebule umeshauzwa kwa mwenye hoteli wa Shela
na pazia ndilo linaloshika zamu,
ingawa jioni ile sisi tutafuturu uji.

Mkono mtupu haulambwi, wasema.
Wa kwake waliubusu.

Kisha usiku, watu wakitoka tarawehe,
mlango wa jikoni hugongwa kwa kucha.
Bi Mwanatumu, sarafu imefundikwa kwenye upindo wa leso:
"Somoe, irudishe palepale."
Athmani huipenyeza dirishani, ndani ya karatasi ya sukari.
Kombo humtuma mjukuu wake.
Kabla ya daku zote zimo zidakani,
ndani ya birika lisilo mdomo,
na hakuna aliyemwona mwenzake njiani.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu.
Zilitoka sabini na moja.
Zikarudi sabini na mbili.

Mwaka wa pili zikatoka sabini na mbili,
zikarudi sabini na tatu.
Ile ya ziada nyepesi kidogo,
maandishi yake yamegeuka kama ya kwenye kioo.
Slimu sonara hajui kusoma, hufuata umbo tu.
Mkono wa kushoto wa mama haukuwa na bangili.
Mwaka uliofuata na wa kulia pia.
Baada ya hapo sikujua ni mkono wa nani.

Alipotimiza sabini na tisa
Bwana Shekue alisita mbele ya Kombo.
Kidole gumba kikaipapasa sarafu, mbele, nyuma, mbele.
Nikaona siniya inatetemeka; kumbe ni mimi.
Akaitia kiganjani mwa kipofu,
akamfumba vidole, kimoja kimoja,
akasema kwa sauti ya kuulizia bei ya samaki:
"Mwambie mjukuu wako, ile njia ya jikoni
ina shimo siku hizi.
Apite upande wa ukuta."

Alifariki mwezi wa Rajabu, na miaka themanini na minne.
Alhamisi ikafika. Kanzu haikuitishwa.
Madaka yalikaliwa na paka.
Mimi sikusugua kitu.

Baada ya tarawehe, ukucha mlangoni.
Bi Mwanatumu, anahema.
"Mwaka huu sikupewa," alisema,
"lakini ninayo ya kurudisha."

Nilifungua fundo la leso kwa meno.
Maandishi yalikuwa kinyume.
Akaondoka bila taa,
akipita upande wa ukuta.